Bi Mkubwa na Bi Mdogo Waenda Kaskazini

Eilert Brenden alianguka kutoka juu ya paa akizibua mifereji ya mvua, wiki mbili tu kabla ya safari aliyoipanga tangu ujana wake. Nyonga ikavunjika. Wauguzi wa hospitali ya Lillehammer walipomshusha kwenye gari la wagonjwa hakuwauliza kama atatembea tena. Aliomba mtu ampigie simu mkewe, amkumbushe kuwa viti vya treni ya Bergen viwe vya dirishani.

Mimi ni jirani yao hapa Otta. Nyumba yangu inatazamana na yao, na hakuna ukuta uliowahi kuizuia sauti ya Eilert, mwalimu wa jiografia mstaafu anayeongea kana kwamba dunia nzima ni darasa na sisi tumekaa viti vya nyuma. Niliyoyaona kwa macho nitayasema. Yale nisiyoyaona nimesimuliwa na wanawake wote wawili, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

Safari yenyewe ilikuwa ile ya meli ya pwani, kutoka Bergen mpaka Kirkenes, kaskazini kabisa karibu na Urusi, na kurudi. Kila mtu wa rika letu anasema ipo siku ataifunga. Eilert alikuwa akisema kuliko sisi sote. Alimwambia mkewe wa kwanza, Aslaug, kwa muda wote wa ndoa yao: "Tutakwenda, mke wangu. Tusubiri tu msimu mzuri." Msimu mzuri haukuja. Aliyekuja ni Vigdis, mwenye saluni mtaa wa pili, mdogo kwa Aslaug kwa miaka kumi na kitu, na Eilert akahama na ramani zake zote.

Aslaug akabaki kwenye nyumba ya karibu na mto. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa mpaka vidole vilipokakamaa, na ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeweza kupiga wimbo wa mazishi huku akimtukana mchungaji chini kwa chini bila kukosea hata noti moja. Mji huu ni mdogo. Wake hao wawili walikutana dukani mbele ya friji la maziwa kwa miaka na miaka. "Hujambo." "Sijambo." Kila mmoja akachukua maziwa yake akaenda zake.

Sasa, baada ya ile nyonga, Vigdis alikwenda hospitali na pajama safi na gazeti. Alimkuta mumewe amelegea kwa dawa za maumivu, macho nusu, tabasamu la mtoto mchanga. Eilert akamshika mkono kwa upole ambao Vigdis hakuwa ameuona siku nyingi, akamwambia, "Aslaug, ile darubini iweke kwenye begi la mkononi. Usije ukaisahau, mpenzi."

Vigdis hakupiga kelele. Alimfunika shuka, akaweka gazeti juu ya kabati, akaendesha gari mpaka Otta, akaipita nyumba yake mwenyewe na kusimama mlangoni kwa Aslaug.

"Mumeo anakuita," alisema.

"Mume yupi? Mimi wangu nilimtoa pamoja na takataka zamani."

"Basi huyo huyo. Mimi ndiye niliyemwokota jalalani."

Aslaug akamtazama kutoka kwenye kucha zilizopakwa rangi mpaka kwenye viatu. "Umelewa?"

"Bado."

"Ingia ndani, basi."

Wakanywa ile pombe kali ya viazi ambayo Aslaug huiweka nyuma ya vitabu vya nyimbo za kanisa. Vigdis akaeleza. Tikiti za meli hazirudishwi, ila jina la abiria linaweza kubadilishwa. Eilert, kabla dawa hazijamlegeza, alikuwa ameamuru kwa simu nafasi yake apewe mdogo wake, Gunleik.

"Gunleik!" alisema Aslaug. "Yule anayeoga Krismasi?"

"Chumba ni kimoja. Kitanda ni kimoja."

"Yesu wangu."

"Kwa hiyo nimesema moyoni, kama ni Aslaug anayemtaka kwenye safari hii, na aende Aslaug. Aliahidiwa kabla yangu. Mimi nitalala ukutani."

Aslaug akaimwaga glasi yake kooni. "Mimi silali ukingoni," alisema. "Nina kibofu cha bibi kizee. Ukutani nakukubalia wewe."

Gunleik hakuhitaji kubembelezwa. Aliposikia kwamba anaruhusiwa kutosafiri, alichukua nyavu zake akapanda kwenye kibanda chao cha mlimani kuvua samaki, mahali ambapo simu haishiki. Kwa Eilert hawakusema neno.

Walifungasha sebuleni kwa Aslaug, nami nikaitwa kuwa mwamuzi. Masanduku mawili yalikuwa wazi sakafuni. La Aslaug lilikuwa na nguo za ndani za sufi, ndefu, za rangi ya uji, tena za mikono na za miguu. Juu yake kipande kizima cha jibini la kahawia, soseji kavu, na rundo la lefse, zile chapati laini za viazi, zilizopakwa siagi na kukunjwa kwenye karatasi.

"Melini kuna chakula, Aslaug," alisema Vigdis.

"Kuna chakula cha watu wa Oslo. Unapewa sahani kubwa kama mwezi, katikati kuna kamba mmoja anakutazama."

"Tutanuka jibini mpaka Urusi."

"Na wewe hiki ni nini?" Aslaug akainua kwa vidole viwili kitu chekundu kilichong'aa.

"Nguo ya kuogelea. Juu ya meli kuna bwawa dogo la maji moto."

"Unakwenda kuwatongoza chewa?"

"Angalau chewa watageuka kutazama. Hizo sufi zako zitawaogopesha mpaka nyangumi."

Nilitoa uamuzi kwamba Aslaug apunguze jibini na Vigdis aache mashine ya kukunja nywele. Hakuna aliyenisikiliza. Sanduku la Vigdis halikufungika mpaka Aslaug alipolikalia, naye akasema ni mara ya kwanza makalio yake kumfaa mtu wa nyumba ya Eilert.

Tatizo lilikuwa simu. Eilert, aliyelazwa chali bila kazi, alipiga kila siku kukagua matayarisho. Alikuwa amepanga kila kitu: ile treni ya usiku itokayo Trondheim ingewachukua Otta kabla ya asubuhi, ingewafikisha Oslo wakati wa kifungua kinywa, pale wangebadili na kuvuka milima kwenda Bergen, na jioni ileile wangepanda meli. Alinieleza mpango huo mara nyingi mno juu ya uzio; nadhani ningeweza kuiendesha treni mwenyewe.

"Nipe Gunleik," alikuwa akisema.

Vigdis akampa Aslaug simu. Naye Aslaug akakaza shingo na kutoa sauti nzito ya kifuani. "Mm."

"Gunleik, Oslo mnabadili jukwaa. Msizubae. Unanisikia?"

"Mm."

"Na ukae na darubini wewe, Vigdis ataiacha chooni."

"Mm."

Ikapita salama, kwa kuwa Gunleik wa kweli naye hajawahi kusema zaidi ya hapo.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo kabla ya safari. Alfajiri ile niliwapeleka stesheni kwa gari langu. Mbingu ilikuwa nyeupe tayari, kama ilivyo Juni, na mto Lågen ulikuwa umevimba na kuwa rangi ya kahawa ya maziwa. Vigdis alivaa koti jipya na midomo aliipaka rangi. Aslaug alivaa kama mtu aendaye kukamata kondoo waliopotea.

Treni ilikuja kwa wakati wake, ikasimama, milango ikafunguka, na watu wote wakaanza kushuka. Wote, na mito yao na watoto wao. Kondakta, mwanamke mwenye sauti ya mafua, akatangaza kwamba udongo umeporomoka kusini mwa Ringebu na kufunika reli. Treni inaishia hapa.

"Basi la badala ya treni liko wapi?" aliuliza Vigdis. Sote tumezoea basi la badala ya treni. Wapo watoto wa bonde hili wanaodhani hilo ndilo jina kamili la treni.

"Barabara nayo imefunikwa," alisema kondakta. "Leo hakuna anayekwenda kusini."

Vigdis alikaa juu ya sanduku lake palepale jukwaani. Rangi ya midomo ikaanza kutetemeka. Na simu ikalia. Eilert alikuwa amejiamsha huko hospitali ili afuatilie safari hatua kwa hatua. Vigdis akabonyeza spika.

"Nimeona habari!" Sauti yake ilijaa jukwaa zima. "Msiogope. Nina mpango. Mtafute teksi, mzunguke kwa njia ya milimani mpaka Fagernes, kutoka pale mteremke Gol, Gol mdandie treni ya Bergen. Mkiondoka sasa hivi mtawahi. Gunleik! Ramani iko mfuko wa kushoto. Gunleik, unanisikia?"

Aslaug aliichukua simu. Nilimwona akikaza shingo kama kawaida. Kisha akailegeza.

"Eilert," alisema kwa sauti yake mwenyewe, "meli inakwenda wapi?"

"Wewe Gunleik?" iliuliza simu.

"Nimekuuliza, mwalimu. Meli inakwenda upande gani?"

"Kaskazini," ikajibu simu, kidogo kidogo.

"Na sisi tuko wapi, ukilinganisha na Bergen?"

"Kaska... Nani huyo? Aslaug?"

"Kwa hiyo kwa nini tukimbilie kusini kuifuata meli inayokuja kwetu? Tunapanda juu mpaka Dombås, tunateremka Åndalsnes, kesho tunachukua basi mpaka Molde, tunaingoja gatini tukila lefse."

"Vigdis!" Eilert alipiga kelele. "Huyo ni Aslaug?"

Vigdis alisimama. Watu jukwaani walikuwa wameacha kujifanya hawasikilizi. "Ndiye," alisema. "Ulimwita, nimemleta."

"Nilimwita lini?"

"Ulipokuwa na dawa kichwani. Ukamwita mpenzi."

Mtu fulani nyuma yangu akafungua mfuko wa chipsi taratibu sana. Halafu Eilert akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Lakini nimeipanga mimi. Maisha yangu yote nimeipanga."

"Umeipanga, Eilert," alisema Aslaug, na hakusema kwa ukali. "Kupanga unakujua. Kuondoka ndiko kunakokushinda. Umeweza mara moja tu, uliponiacha, na siku hiyo nayo ulirudi mara mbili kuchukua dira."

Kondakta mwenye mafua akacheka, akajifanya amekohoa. Vigdis akakata simu. Niliwaacha pale wakingoja treni ya asubuhi ya kwenda Dombås, wamekaa juu ya masanduku mawili, wanamega jibini kwa kisu kimoja.

Dombås, walinisimulia, walibadili treni wakaanza kuteremka lile bonde la Rauma, ambako behewa linapita juu ya korongo na maji yanaanguka kila upande, na Vigdis akaanza kulia. Aslaug akamwacha alie kwa mahandaki mawili matatu, kisha akampa leso.

"Unamlilia yeye?"

"Nalia kwa hasira. Alikuita mpenzi. Mimi ananiita Vigdis."

"Mimi aliniita Aslaug mpaka siku anaondoka," alisema Aslaug. "Jipanguse, unaharibu mandhari."

Walilala gesti moja Åndalsnes, kesho yake wakafika Molde, na jioni meli ikatokea kwenye ghuba, nyeusi na nyekundu na nyeupe, kubwa kuliko walivyodhani. Wakapanda. Kijana wa mapokezi akasoma majina, yote ya ukoo mmoja, kwa kuwa Aslaug hakuwahi kulirudisha jina la ukoo la mumewe.

"Bi Brenden na Bi Brenden. Karibuni. Ninyi ni dada?"

"La," alisema Aslaug. "Sisi ni wake wa mtu mmoja. Mimi bi mkubwa, huyu bi mdogo. Mume tumemwacha nyumbani, hakuwa na tabia nzuri."

Bibi mmoja wa Kidenmark aliyekuwa nyuma yao akapaliwa na kahawa. Kufikia chakula cha jioni meli nzima ilikuwa imepata habari.

Baada ya Molde ni bahari wazi, Hustadvika, na hapo hakuna kisiwa cha kukukinga. Meli ikaanza kuinama na kuinuka. Vigdis, aliyevaa gauni lake jekundu la jioni, akageuka rangi ya mbaazi mbichi. Walikimbilia chumbani. Yale yaliyofuata wanayasimulia tofauti, ila wote wanakubali kwamba Vigdis alitapika ndani ya kofia ya sufi ya Aslaug, na kwamba Aslaug alimshika nywele kwa mkono mmoja na kujishikilia mlangoni kwa mkono mwingine, akiyatukana mawimbi kwa majina ya wachungaji wote aliowahi kuwapigia kinanda.

Bahari ilipotulia wakalala chali kwenye kile kitanda kimoja, Vigdis ukutani.

"Nilikuwa nakuogopa," alisema Vigdis. "Kila nikipika, anasema Aslaug alikuwa akikaanga samaki hivi, Aslaug alikuwa akitia hiki. Nimeishi na kivuli chako jikoni."

Aslaug akainuka kwa kiwiko. "Mimi? Samaki wangu? Mungu anisamehe, alikuwa akisema samaki wangu hata paka atamwandikia barua ya malalamiko. Kila siku alimsifu mama yake. Mama yake alikuwa akichemsha viazi, mama yake alikuwa akioka mkate. Na mama yake alipokuwa hai, Eilert huyohuyo alikimbilia kula kwetu, ili asile vya mama yake!"

Vigdis alimtazama. "Kwa hiyo anamsifu asiyekuwepo."

"Ndiyo yake hiyo. Anakutamani ukishatoka mlangoni. Hivi sasa anawaambia wauguzi hakuna anayechemsha viazi kama Vigdis."

Vigdis akaanza kucheka, akashika tumbo lake lililouma, akaomba asichekeshwe. Aslaug akaendelea kumchekesha kwa makusudi mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Kuanzia hapo hawakutengana. Walipovuka mstari wa Aktiki, mabaharia wakamwaga vipande vya barafu migongoni mwa abiria, kama ilivyo desturi, na Aslaug alitoa tusi la aina yake hata nahodha akaomba alirudie polepole ili aliandike. Vigdis aliingia kwenye lile bwawa la maji moto na nguo yake nyekundu. Siku ya pili Aslaug naye akaingia, na nguo za sufi, na Wajerumani wawili wakatoka. Walishuka Tromsø wakakaribia kupitwa na muda wa kurudi, ikabidi wakimbie gatini wamebeba viatu mkononi. Simu ya Eilert haikupokelewa mpaka walipofika Kirkenes, na walipoipokea alikuwa mpole kama kondoo, akauliza tu kama wanakula vizuri.

Na jua lilikuwa la ajabu. Watu wa pwani wenyewe walisema hawakumbuki Juni kama ile. Visiwa vya Lofoten walivipita vikiwa wazi kiasi kwamba Vigdis alihesabu nyumba ufukweni kwa macho matupu. Ile Trollfjord, mkono mwembamba wa bahari kati ya milima, ambayo Eilert alikuwa akiichora ubaoni kwa kila darasa, meli iliingia na kugeuka ndani yake taratibu, kuta za mawe zikiwa karibu kuguswa, maji kama kioo, tai wawili juu. Wote wawili waliniambia kwamba pale ndipo walipomkumbuka, bila hasira, na kwamba hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumtaja.

Waliporudi Otta, Eilert alikuwa nyumbani tayari, ameketi kwenye kiti kirefu na magongo pembeni. Gunleik, aliyekwisha teremka mlimani, alikuwa amemlisha madonge ya samaki ya kopo asubuhi, mchana na jioni. Mimi nilikuwepo, nimepeleka supu, nikamwona mwanaume amekonda na kuzeeka, amezungukwa na ramani ambazo hakuna aliyezikunja. Wanawake wakaingia wote wawili na masanduku yao. Nilidhani patachimbika.

Eilert hakumtazama Aslaug, wala Vigdis. Alitazama dirishani. "Vipi," alisema. "Ilikuwaje?"

Nikawaona wakitazamana. Hawakuwa wamepanga; wameniapia.

"Ukungu," alisema Vigdis.

"Ukungu?"

"Kuanzia Molde. Kama kukaa ndani ya mfuko wa pamba."

"Hata Lofoten?" Shingo ya Eilert ilikuwa imeanza kunyooka.

"Lofoten tuliisikia tu," alisema Aslaug. "Nahodha alipiga honi akasema ndiyo hiyo."

"Na Trollfjord?"

"Hatukuingia. Haikuwezekana. Tulikaa ndani tukacheza karata na Wadenmark."

Eilert akapumua, pumzi ndefu iliyotoka mpaka kwenye ile nyonga. Uso wake ulikuwa ukirudi ujanani mbele ya macho yangu. "Juni!" alisema, na sauti ya darasani ikajaa chumba. "Nilisema mimi. Juni hewa ya joto inakutana na bahari baridi, lazima ukungu. Mtu makini anakwenda Septemba. Sikusema?"

"Ulisema," walijibu wote wawili.

Akaanza kuwaeleza kwa urefu jinsi ukungu unavyotokea. Vigdis akavua koti, akaenda jikoni kubandika viazi. Aslaug akakaa kwenye kochi ambalo Eilert alihama nalo kutoka kwake zamani, akanyoosha miguu, na kusikiliza. Pua yake ilikuwa nyekundu na inabambuka ngozi kama kiazi kipya, na Vigdis alikuwa na alama nyeupe za miwani ya jua kuzunguka macho yote mawili, kama bundi. Eilert aliwatazama sawasawa wote wawili kwa mara ya kwanza, akaiacha sentensi katikati, macho kwenye ile pua iliyoungua jua, kisha akaendelea na ukungu wake.